Pengwini haiko kipofu, muturekebishie

Bwana muhariri,

Salamu toka Goma, huku Himbi. Juma ilipita kwenye ukurasa yenu ya batoto mulisema pengwini anaonaka tu mu maji, eti akitoka inje anakuwa karibu kipofu. Aah, hapana. Batoto yangu bameshaikata ile ukurasa na kuibandika ku ukuta, sasa nani atawabishia, miye?

Mutoto yeyote anaogaka mu Ziwa Kivu anajua, ukizama na kufungua macho unaona ukungu ukungu tu, ni juu kile kioo cha mbele ya jicho yetu kiko duara na njo kinafanyaka kazi mingi ya kukunja mwangaza, kikiguswa na maji ile nguvu inaisha karibu yote. Ya pengwini iko karibu bapa. Haikuwaka na kazi mingi tangu mwanzo, njo maana akiingia mu maji hapotezi kitu mingi, lenzi ya ndani, yenye iko mviringo sana, inabeba mzigo. Anaona inje, anaona na mu maji. Na yule mukubwa banaitaka pengwini mufalme, mu jua mboni yake inafungika inabakia katundu kadogo ka pembe ine (karé kabisa!), mu giza inafunguka mpaka mara 300.

Na ugonjwa hamukugusa. Pengwini bazee ba mu zoo banapataka mtoto wa jicho, sawa vile tate yangu alipata, na banafanyiwaka operasio, ile lenzi ilichafuka inatolewa. Mbele ya operasio mboni inapashwa kufunguka, juu munganga afikie lenzi; tate balimutia matone tu, ikafunguka. Kwa ndege matone ile haisaidie juu misuli ya mboni yake ni ya aina ya misuli ya mukono, inaomba dawa ingine ya kulegeza. Nilipomusomea hii tate alicheka, akauliza kama kisha ya operasio banamuvalishaka pengwini na lineti. Nikamuambia hapana, lakini angeihitaji kweli, juu lenzi njo ilikuwa inabeba kazi.

Basi muturekebishie mu numero inakuja. Na ile mchoro ya pengwini ku barafu mulitia ku ukurasa pia, bila kukasirika: kuko pengwini ba kwetu Afrika, ba Namibia na Afrika Kusini, banaishi ku mchanga na mawe, barafu hawaijue.

Mama wa batoto batatu, Goma