Risala ya Klabu ya Jarida la Sanaa na Midia Dijitali kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wetu, wazazi na wenzetu mliokuja mkijua kuna pilau, assalam aleikum na karibuni sana.

Klabu ilianza na watu wanne na laptopu moja isiyoshika chaji, historia yenyewe ndiyo hiyo tusikuchoshe. Leo twalo jarida la kitaaluma la mtandaoni, matoleo matatu, makala za milango ya nakshi ya Mji wa Kale, leso za Biashara Street na michoro ya matatu, kila makala ina ikisiri na imepitiwa na wasomaji wawili wasiomjua mwandishi. Bila kujisifu twaweza kusema tumevuka mipaka, toleo la pili lilisomwa Zanzibar (na binamu yake mhariri, lakini alisoma).

Usanifu tumeufanya wenyewe kwa OJS, programu ya bure ya kuendesha majarida. Zile safu mbili za kigazeti tulizitoa, maana mtu anasoma kwa simu yuko feri ya Likoni, hataki kuvuta ukurasa huku na huku, na picha za milango tukazipunguza uzito zisimle mtu bando. Kwa hiyo muundo si shida. Shida ni pa kuliweka.

Mheshimiwa, jarida lataka sava, yaani kompyuta ya kulihifadhi mtandaoni isiyozimwa. Sasa hivi twalipia mwezi kwa mwezi kwa kuchangishana, na Ramadhani mchango ulichelewa jarida likazimwa siku kumi na moja. Ukurasa wa utani ukizimwa hakuna kesi, lakini hili mtu ameshalitaja kwenye tasnifu yake, mwalimu wake anabonyeza linki anakuta patupu, mwanafunzi wa watu anaonekana ametunga. Mmoja alituandikia, mpaka leo hatujamjibu kwa aibu. Na kinachouma ni kwamba nyaya za baharini, TEAMS na SEACOM, zimetua hapa hapa Mombasa tangu 2009, intaneti ya nchi nzima yapita mlangoni kwetu halafu sisi twapandisha makala kwa hotspoti ya katibu.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi aliahidi sava, tukampigia makofi na vigelegele. Wa mwaka jana akaahidi sava na kompyuta kumi juu, tukapiga tena, akaomba na picha. Picha tunazo. Hatusemi kwa ubaya, na ile leso ya "Ahadi ni deni" kwenye jalada la toleo la tatu tuliipendea rangi tu.

Wewe twajua si kama wao. Twaomba kitu kimoja, sava ya miaka mitano ilipwe moja kwa moja kwa kampuni, pesa isipitie kwetu wala kwa mtu mwengine. Kompyuta kumi hatuziulizi tena. Ankara iko kwa mweka hazina, amekaa mstari wa pili kando ya feni, na kalamu anazo mbili.