Usitume kwanza hela ya pikipiki

Kinondoni, Jumapili usiku

Ndugu yangu Hamisi,

Assalam aleikum. Natumai hujambo, shemeji na watoto hawajambo, na joto la Muscat limeanza kuwahurumia. Sisi huku wazima, alhamdulillah. Mama nilimpitia juzi baada ya swala ya Ijumaa. Goti bado linamsumbua lakini sauti ni ile ile, na kanituma nikwambie mzigo umefika salama. Ya harusi ya Mwajuma nitakusimulia siku nyingine, maana ile ni habari ndefu na leo nina jambo moja tu.

Usitume kwanza hela ya pikipiki ya Swedi.

Najua umemwahidi. Najua kijana kasoma, kidato cha sita kapita vizuri, na ahadi ni deni. Sisemi umnyime. Naomba unisome mpaka mwisho, halafu uamue wewe mwenyewe, maana wewe ndiye kaka yake na ndiye anayekusikiliza.

Jana kaja gereji na muuzaji, wakanipa niikague. Kwenye simu uliniambia ni pikipiki nzuri kutoka Japani, hukunitajia kuwa ni R6. Yamaha R6 ya 2008, cc 599. Hamisi, ile kimsingi ni pikipiki ya mashindano iliyofungwa taa na vioo ili iruhusiwe barabarani. Ina nguvu ya farasi zaidi ya 110, na uzito wake ikiwa na mafuta haufiki kilo 200. Ile Boxer ya mjomba, ambayo Swedi kajifunzia na ndiyo pekee aliyowahi kuendesha, ina farasi 12 hivi. R6 gia ya kwanza peke yake, ukiivuta mpaka mwisho, inavuka kilomita 100 kwa saa. Gia ya kwanza! Zinabaki tano. Na mjini sheria inasema 50.

Tena mwanzoni inadanganya. Ukienda nayo taratibu, mizunguko ya injini kwa dakika iko chini ya 8,000, ni pole kabisa, kijana anasema mbona rahisi. Ikivuka 10,000 ndipo inaamka. Mwili unarudi nyuma, mkono ulioshika kishikio cha mafuta unavutwa pamoja na mwili, na mkono ukivutwa mafuta yanazidi kufunguka. Asiyezoea hajui kuwa anayeongeza mwendo ni yeye mwenyewe. Nimeona wanaume wazima wamekuja gereji wanatetemeka wanasema "fundi, mafuta yamenasa". Unakagua kebo, unakuta haina tatizo lolote.

Basi nikaikagua. Injini safi, mnyororo mzuri, sina la kusema. Nikainama kwenye tairi la nyuma. Katikati limelika mpaka limekuwa bapa, lakini kandokando, upana wa vidole viwili kila upande, mpira ni mpya na vinyweleo vya kiwandani bado vimesimama. Maana yake mwenye pikipiki alikuwa anaivuta kwenye njia iliyonyooka tu, kona hajawahi kuilaza. Tairi la mbele limepigwa muhuri 2315, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2015. Nimelibonyeza kwa ukucha, haliingii hata kidogo, limekauka. Muuzaji mwenyewe bado mtoto, nadhani hajafika miaka 25. Nikamuuliza mbona unaiuza, akaangalia pembeni akasema ana shida ya hela. Huenda ni kweli.

Kisha nikamuuliza Swedi: bajaji ikichomekea mbele yako ghafla, unafanya nini? Kajibu bila kufikiri, "Nakanyaga breki." Ndivyo wanavyofundishwa vijiweni, breki ni ya mguu, ya mbele usiiguse itakurusha. Kwenye Boxer, kwa mwendo wa 40, hiyo ya mguu inaweza kukuokoa. Kwenye R6 kazi kubwa ya kusimamisha iko mbele, kwenye zile diski mbili, kwa sababu ukishika breki uzito mwingi unahamia mbele na tairi la nyuma linakuwa jepesi. Ukikanyaga kwa nguvu linafunga, yaani linaacha kuzunguka, na kuteleza. Na akishtuka akaibana ya mbele kwa mkupuo, linafunga la mbele, yuko chini kabla hajajua nini kimetokea. Pikipiki ile haina ABS, ule mfumo unaozuia tairi lisifunge breki ikibanwa. R6 zimeanza kuja na ABS mwaka 2017. Breki ya mbele unaikamua, unaanza pole, uzito unashuka mbele, ndipo unaongeza. Hilo si jambo la kuambiwa mara moja likakaa. Vidole vinatakiwa vilijue vyenyewe, na vya Swedi havilijui.

Utaniambia dogo ni mtulivu. Kweli, ni mtulivu, namjua tangu anatambaa. Lakini utulivu haumfundishi mtu breki. Na ana miaka 19, Hamisi. Jioni atapita Coco Beach, wenzake watamwambia "hebu vuta tusikie". Nani katika umri ule hakuvuta?

Sikiliza hesabu, maana wewe unapenda hesabu. Kilomita 100 kwa saa ni karibu mita 28 kila sekunde. Akiona kitu, mpaka akili imtume mkono, sekunde moja imekwenda, na mita 28 zimekwenda hajagusa breki. Baada ya hapo, kwa dereva anayejua na lami kavu, kutoka 50 unahitaji mita kama 14 kusimama. Kutoka 100 ni kama 55. Mwendo umezidi mara mbili, mita zimezidi mara nne. Sasa peleka hesabu hiyo Kimara mpaka Kibaha, pale barabara ilipopanuliwa. Vijana wa pikipiki kubwa wanaipenda ile njia. Ni pana, inashawishi, lakini watu wanavuka, bajaji zinatoka uchochoroni, mchanga umemwagika kwenye lami, lori linageuza pale linapojisikia. Wewe macho yako yameshazoea barabara za Muscat. Huku ni kwetu, unakujua.

Wala si vijana wa Dar peke yao. Kuna ripoti ya Mmarekani mmoja, Harry Hurt, wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, ya mwaka 1981. Yeye na wenzake walichunguza ajali 900 hivi za pikipiki eneo la Los Angeles. Zaidi ya nusu ya walioanguka walikuwa na pikipiki ile iliyowaangusha kwa muda usiofika miezi 5, japo kwa wastani walikuwa na karibu miaka 3 barabarani. Zaidi ya tisa katika kila kumi hawakufundishwa na mwalimu, walijifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki. Na sehemu ya breki ukiisoma utadhani wanamsema Swedi: ya nyuma wanaikanyaga mpaka inateleza, ya mbele hawaitumii inavyotakiwa.

Wenzetu Uingereza kijana wa miaka 17 haruhusiwi kuzidi cc 125. Akifika 19 anapewa ya kati, na hiyo ya kati nguvu yake haifiki nusu ya hii R6. Zisizo na kikomo ni mpaka 24, au 21 ikiwa kakaa miaka 2 na leseni ya ile ya kati. Huku kwetu ukishapata leseni ya daraja A hakuna anayekuuliza kama unapanda cc 150 au cc 1000. Anayebaki wa kumuuliza ni wewe, kwa sababu hela ni yako.

Ya mtoto wa Bi Rehema sitaki kuyaandika. Wewe ulisafiri ukayakuta mazishi, mimi ndiye niliyeitwa kituoni kuitambua pikipiki. Naye hakuwa mhuni. Naye alikuwa na adabu, na mama yake alikuwa anasema hivyo hivyo, mwanangu mtulivu, na... basi.

Mimi napendekeza hivi. Tumtafutie Kawasaki Ninja 250, yaani ya cc 250. Ina farasi 30 na kidogo, ni nzuri, ina sauti, haitamwaibisha mbele ya wenzake, na Bagamoyo inafika na kurudi. Siku akitaka kuiuza hatakosa mnunuzi. Jumapili asubuhi nitakuwa naye mwenyewe, tutakwenda kule Kigamboni kwenye uwanja wazi, tuanze na breki kwa mwendo wa 30, kisha 40, kisha 60, mpaka aache kukanyaga. Kisha kona. Nimfundishe na macho, maana pikipiki inakwenda unakotazama. Ukilikodolea shimo utaingia shimoni. Akimaliza miaka miwili salama na bado anaitaka R6, nitaikagua na kuipigia debe mimi mwenyewe.

Na hela itakayobaki, tafadhali, mnunulie mavazi huko huko. Helmeti ya kufunika uso mzima, iwe na lebo ya kiwango cha usalama cha ECE 22.06 kwenye mkanda. Usinunue kwa kukisia. Nimempima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, juu ya nyusi kuzunguka nyuma, ni sentimita 58. Glavu, jaketi lenye kinga za viwiko na mabega, na viatu vinavyofunika kifundo cha mguu. Jana kaja na kandambili, Hamisi. Kandambili, anataka kujaribisha R6! Funguo nilizitia mfukoni mpaka muuzaji alipoondoka.

Sasa niambie. Umeshatuma chochote? Muuzaji anadai kapokea kianzio; ni kweli, au anamtisha dogo ili aharakishe? Mama analijua hili, au kaambiwa ni pikipiki ya kuendea chuoni tu? Nani atamwambia Swedi, wewe au mimi? Ningependa uwe wewe, kwangu ataona namwonea wivu. Bei ya Ninja unaiweza sasa hivi, au tungoje mwisho wa mwezi? Na huko Muscat, wale vijana wa pikipiki kubwa mnaowaona, hakuna shule ya kuwafundisha ambayo Swedi angeweza kuja akakaa wiki mbili? Wewe likizo yako ni lini?

Muuzaji kasema Alhamisi ana mteja mwingine, na Swedi tangu jana ananipigia simu kila saa. Kwa hiyo nijibu kabla ya Alhamisi. Piga hata usiku, nitapokea.

Wako,
Rashidi