Barua kwa wenzangu wa grupu la viazi: acheni kumsaka asiye na jina

Wanangu, wadogo zangu, na ninyi mnaoniita mzee huku mna mvi kunizidi,

Salamu kutoka Isongole, ambako baridi ya mwezi wa saba bado haijaturuhusu kuvua makoti. Leo siandiki habari za bei. Naandika kuhusu ile sauti iliyorushwa kwenye grupu na namba ngeni, ikidai baadhi ya viongozi wetu wanakula na madalali ili lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kipimo, iendelee. Tangu siku ile hatuzungumzii lumbesa tena. Tunaulizana tu yule ni nani.

Lumbesa ipo. Kila anayepita barabara ya Tukuyu ameyaona magunia yaliyoongezewa kichwa na kushonwa kwa kamba. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, lakini mkulima hujaza zaidi na kulipwa gunia moja. Kama kuna mwenzetu anapokea chochote ili afumbe macho, tuhuma hiyo inadai jibu, iwe imesemwa na askofu au na namba isiyojulikana.

Wazee wa zamani wa Rungwe waliamini kwamba hasira ikifungiwa kifuani huwadhuru watu. Kwa hiyo kabla ya tambiko mwenye kinyongo alikitamka mbele ya mwenzake, wakajibizana, ndipo wakala pamoja. Mimi ni Mkristo, matambiko siyaendei, lakini utaratibu ule naupenda. Ila msisahau kwamba aliyesema alikuwa na shamba lake na ndugu zake nyuma yake. Hakuna aliyeweza kumnyima ugali kesho yake.

Sasa ninyi wenye maroli, wenye ekari za kutosha, na sisi wastaafu: tukijificha nyuma ya laini ya mtoto wa jirani, huo ni woga tu. Unamtuhumu mtu? Andika jina lako, taja siku, taja mzani ulikosimama. Tena kujificha kwenyewe ni kwa kujidanganya. Laini zimekuwa zikisajiliwa kwa alama za vidole tangu 2019, kwa hiyo namba ngeni ni ngeni kwetu, si kwa polisi. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamtoza anayesambaza uongo kwa makusudi, ili kumkashifu mtu, faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Lakini yupo kijana anayelima shamba la kukodi, na mwenye shamba ndiye dalali. Yupo mama mjane anayesubiri mbegu za mkopo kutoka kwa kiongozi huyohuyo anayetuhumiwa. Hao wakificha majina siwalaumu hata kidogo. Bunge letu lenyewe, mwaka huohuo wa 2015, lilipitisha sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana namba ya bure, 113. Kumbukeni pia Maxence Melo wa JamiiForums, ule mtandao wa majadiliano ambako watu huandika bila kutaja majina. Alikamatwa Desemba 2016, na moja ya mashtaka yalitokana na kutowapa polisi taarifa za wanachama wake. Aprili 2020 mahakama ikamtoza faini ya shilingi milioni 3. Yeye alisimama kizimbani kwa jina lake, wanachama wakabaki bila majina. Halafu sisi, kwa ajili ya magunia ya viazi, admini wetu anazunguka kuomba mtu wa kampuni ya simu amtafutie mwenye namba!

Kwa aliyerusha ile sauti, kama unasoma: ulipofika kwenye mambo ya mke wa katibu, ulikosea. Ndoa ya mtu haipimwi kwa kilo. Ungebaki kwenye mzani tungekusikia vizuri zaidi.

Ninachopendekeza ni hiki. Mwenye hofu amtafute mmoja anayemwamini, ampe maelezo na picha, na huyo ayalete kikaoni kwa jina lake mwenyewe. Mimi najitolea kuwa mmoja wao. Umri wangu huu, dalali hana cha kuninyima. Nikiulizwa nimeyapata wapi, sitasema, na msinisumbue.

Katibu, mdogo wangu, acha kujibu kwa sauti ndefu za usiku wa manane. Jumamosi njoo na daftari la mapato, ujibu ukiwa umesimama. Kama hukula, daftari litakutetea kuliko hao jamaa zako wanaotishia watu inboksi. Na yule kijana aliyetolewa kwenye grupu eti kwa sababu sauti yake inafanana na ile, arudishwe leo kabla ya kikao, na aliyemtoa ndiye amrudishe, akimwomba radhi humohumo kwenye grupu.

Mzee wenu,
Isongole, Rungwe