Gertrude hakujua

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa wanao. Barua yako nimeipata. Unasema katika tamthilia ya Shakespeare, Hamlet, Malkia Gertrude, mama yake mwanamfalme Hamlet, alikuwamo katika njama ya kumuua mumewe mfalme, la sivyo asingeolewa upesi vile na Claudius, ndugu wa marehemu aliyemuua. Hapo tunapishana, tena sana.

Haraka ya ndoa siitetei. Hamlet analalamika kwamba hata mwezi haukutimia. Kwetu angekuwa bado yumo ndani ya eda. Tena kanisa la wakati ule lilikataza mjane kuolewa na ndugu wa marehemu, na watu wa London walilijua hilo, maana mfalme wao Henry VIII alijengea hoja hiyohiyo alipotaka kuachana na mkewe Catherine, aliyekuwa mjane wa kaka yake. Lakini kuolewa mapema na kuua ni mambo mawili. Anayeyachanganya ni Hamlet, nasi tunamfuata.

Wahakiki nao walimfuata. A. C. Bradley, mwaka 1904, alimwona Gertrude mwanamke mzito wa akili, asiye na kina, mpenda raha. Na bado Bradley huyohuyo alikiri kwamba Gertrude hakujua lolote kuhusu mauaji! Mwaka 1957 Carolyn Heilbrun akaandika makala akiuliza mama huyu anasema nini kwa kinywa chake mwenyewe. Itafute, Zuhura. Polonius, mshauri wa mfalme, anapozungukazunguka na maneno, ni Gertrude anayemwambia aseme jambo lenyewe. Claudius anapotafuta kiini cha wazimu wa Hamlet, ni yeye anayejibu bila kuficha: kifo cha baba yake, na hii ndoa yetu ya haraka.

Sasa soma tena pale chumbani kwa Gertrude, Hamlet akiwa amekwisha kumchoma Polonius upanga nyuma ya pazia. Hamlet anasema tendo hilo ni baya karibu sawa na kumuua mfalme na kuolewa na nduguye. Gertrude anashangaa: kumuua mfalme? Basi. Hakuna kujitetea, hakuna kubabaika, wala Hamlet hamfafanulii. Katika chapa ya tamthilia ya 1603 Gertrude anaapa waziwazi kwamba hakujua, na anaahidi kumsaidia mwanawe kulipiza kisasi. Chapa hiyo ina kasoro nyingi, najua, ila inaonyesha kwamba hata siku zile kulikuwa na waliomwelewa hivyo.

Kinachoniuma zaidi ni kaburini kwa Ophelia, binti wa Polonius aliyependwa na Hamlet. Gertrude anamwaga maua na kusema alitumaini binti huyo angekuwa mke wa Hamlet. Laertes, kaka yake Ophelia, alikuwa amemwonya dada yake kwamba mwana wa mfalme hawezi kujichagulia mke, na Polonius akamkataza kabisa kuzungumza naye. Hakuna aliyekwenda kumuuliza malkia!

Kuhusu kikombe cha mwisho, ambacho Claudius alikitia sumu ili kumuua Hamlet, wapo wanaosema Gertrude alijua kina sumu akanywa kwa kusudi. Siwakubali. Claudius anamwambia asinywe, naye anajibu atakunywa, kwa sababu anamnywea mwanawe heri mbele ya watu wote. Wewe unaisomaje sehemu hiyo? Niandikie mapema.

Wako akupendaye,
Mwanaidi