Yah: Malalamiko Kuhusu Taarifa za Ukaguzi Zinazopingana Katika Safari ya Tiketi Moja

Dar es Salaam,
Novemba 2025

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Abiria,
Makao Makuu ya Kampuni.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni abiria wenu niliyesafiri na mama yangu mzazi kutoka Dar es Salaam kwenda Uingereza na kurudi, kwa tiketi mliyotuuzia ninyi wenyewe, tukibadilisha ndege kwenye kituo chenu kikuu huko Ghuba. Namba za tiketi, picha za lebo za mizigo na nakala za barua pepe zenu nimeziambatisha. Kabla ya kuandika barua hii nilijaza fomu ya malalamiko iliyoko kwenye tovuti yenu. Jibu lililorudi lilinishukuru kwa kuichagua kampuni yenu, likaishia hapo.

Nianze na nisicholalamikia, tusije tukapotezeana muda. Sina ugomvi na ukaguzi. Sisi wa Dar tunaikumbuka Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa. Najua pia chupa ya maji ilianzaje kushukiwa: Agosti 2006 polisi wa Uingereza walizima njama ya kulipua ndege za kwenda Amerika ya Kaskazini kwa vilipuzi vya maji ambavyo vingefichwa ndani ya chupa za vinywaji, na kikomo cha mililita 100 kwa kila chombo cha kimiminika cha mkononi kikafuata. Nikiambiwa nivue mkanda, navua. Begi likitakiwa kupekuliwa, nafungua mwenyewe. Ninacholalamikia ni kwamba ninyi mnaijua njia yote ya safari yetu, kila kiwanja na kila saa. Namba zetu za simu mnazo, na mnazitumia vizuri sana mnapotaka kutuuzia kiti chenye nafasi ya miguu. Ila masharti ya ukaguzi mnatuacha tukayajulie mbele ya pipa la taka.

Barua pepe yenu ya kabla ya safari ilisema vimiminika vyote vinavyozidi mililita 100 viwekwe kwenye begi la chini, na kwa mengine abiria afuate masharti ya kiwanja anachoondokea. Tukafuata. Asali ikaenda chini. Dawa ya maji ya mama, chupa ya mililita 200, nayo ikaenda chini, maana ninyi mliandika "vyote". Kumbe dawa ambayo mgonjwa anaihitaji njiani huwa haihesabiwi katika kikomo hicho, mradi aionyeshe, na maziwa ya mtoto ni vivyo hivyo. Hilo alituambia afisa wa ukaguzi wakati begi lenye dawa lilikuwa limeshakwenda, na mama akakesha na tumbo lake mpaka Uingereza. Neno "isipokuwa" lingetosha kumwokoa.

Mkononi tulibakiwa na halua ya Zanzibar, nusu kilo, kwenye kijikapu chake cha ukili, zawadi ya wajukuu. Kijana wenu wa kaunta Dar nilimuuliza waziwazi. Akakinyanyua, akacheka, akasema hii ni chakula, bibi ataipeleka salama. Kiwanja cha kuondokea kikaipitisha bila neno. Kufika kwenye kubadilisha ndege, tukapitishwa ukaguzi upya, na hapo halua ikawa jeli. Sibishi kwa ukaidi: halua inavutika na inateleza, na ukitaka kuiweka kwenye fungu moja na jamu unaweza. Afisa alikuwa na hoja. Nikamwomba basi aturuhusu tukaiingize kwenye mzigo wa chini. Haiwezekani, mzigo umeshaunganishwa moja kwa moja mpaka mwisho wa safari. Nikaenda kwenye dawati lenu la kubadilishia ndege, mwenzenu akaniambia mambo ya usalama ni ya kiwanja, siyo ya kampuni. Mama, ambaye hakuelewa hata neno moja la mabishano yale, aliniuliza kitu ambacho nami nawauliza ninyi: kama hairuhusiwi, kwa nini yule kijana hakusema pale mwanzo?

Ya viatu sitayarefusha. Vueni, msivue, vueni tena. Mwanamke mwenye magoti mabovu anainama na kuinuka huku watu nyuma yake wanasonya. Binamu yangu aliyeko Minneapolis, Marekani, anasema kwao tangu Julai 2025 abiria wa kawaida havui tena. Barua pepe yenu haikugusa viatu kabisa. Wala haikusema kwamba mwenye mtandio anaweza kuomba akaguliwe na mwanamke, faraghani. Mama aliambulia kutolewa pini mbele ya foleni nzima kwa sababu hakujua kuwa ana haki ya kuomba, na mimi sikujua vilevile.

Wakati wa kurudi mambo yakageuka kichwa chini. Kiwanja tulichoondokea Uingereza kina zile mashine mpya zinazoonyesha begi kwa pande zote kama picha ya hospitali, kwa hiyo vimiminika havitolewi nje, na chupa kubwa zinapita. Mhudumu wenu pale kaunta alimwona wifi yangu, aliyetusindikiza, akihangaika kupanga losheni na mafuta ya nywele kwenye begi la chini lililokuwa limekaribia kuzidi uzito. Akamshauri avihamishie mkononi: "Siku hizi hapa vinaruhusiwa." Alisema kweli, hapa vinaruhusiwa. Lakini lebo aliyokuwa ameishika ilikuwa na jina la kiwanja kingine kabla ya Dar, na huko mililita 100 bado ni mililita 100. Losheni zote zikaishia huko.

Ndugu Meneja, masharti haya hayajaanza kuyumba jana, mkaweza kusema mmeshtukizwa. Baadhi ya viwanja vya Uingereza vilishaachana na kikomo cha mililita 100, kisha Juni 2024 serikali yao ikakirudisha kwenye viwanja sita, London City kikiwemo. Tarehe 1 Septemba 2024 Umoja wa Ulaya nao ukakirudisha hata kwenye viwanja vyake vilivyokuwa na mashine mpya. Mwaka uliofuata, Julai 2025, Edinburgh na Birmingham vikaruhusu chupa za hadi lita 2. Kwa hiyo leo chupa moja inaweza kuwa halali asubuhi na haramu jioni, ndani ya tiketi moja, bila abiria kubadilisha chochote. Anayeweza kuiona safari hiyo kwa ukamilifu wake ni aliyeuza tiketi. Afisa wa ukaguzi wa Uingereza hajui naelekea wapi. Wa Ghuba hajui nimeambiwa nini. Ninyi mnajua vyote viwili.

Sasa pawabenki, ile betri ya kubeba ya kuchajia simu, na kwa hili msiniambie ni la kiwanja, kwa sababu ni sharti lenu wenyewe mlilolibadilisha tukiwa bado Uingereza. Sababu yake naielewa. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliteketea kiwanjani Busan, Korea Kusini, kabla haijaruka, na wachunguzi wakataja pawabenki kuwa huenda ndiyo chanzo. Betri ya lithiamu ikianza kufuka moshi, heri iwe mahali ambapo wahudumu wanaiona na kuizima kuliko chini ya mizigo. Mkataka kila abiria abebe moja tu, isizidi wati-saa 100, asiichomeke popote wala asiiweke kwenye kabati la juu. Sawasawa. Mnalo hata jambo la kupongezwa.

Yangu imeandikwa mAh (miliampea-saa) 20,000. Mhudumu wa mlango wa kupandia ndege alikuwa na karatasi yenye namba 100, akaniambia elfu ishirini imezidi mia. Nikamweleza kuwa hivyo ni vipimo viwili tofauti: unachukua mAh, unazidisha kwa volti, ambazo kwa betri hizi huwa 3.7, unagawanya kwa 1,000. Inatoka wati-saa 74. Wala hakuhitaji kuniamini, maana 74 Wh, yaani wati-saa 74, imechapishwa nyuma ya kifaa chenyewe, kwa herufi ndogo lakini zinasomeka. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akaichukua. Sikupewa risiti. Mbele yangu kijana mmoja alipita na yake isiyo na maandishi yoyote, ambayo kwa kadiri ninavyofahamu ndiyo ya kuogopwa, kwa kuwa hakuna anayejua ndani mna nini. Sharti la maana mkilikabidhi kwa mtu ambaye hamkumfundisha kulipima, halimlindi abiria yeyote.

Najua jibu mlilonalo tayari, kwa sababu dawati lenu lilishanipa: ukaguzi si kazi ya kampuni ya ndege. Ni kweli, si kazi yenu kukagua. Ni kazi yenu kuarifu. Tangazo lenu linauza safari moja isiyo na usumbufu kutoka Dar hadi Ulaya, na kwa ahadi hiyo tulilipa zaidi kuliko tiketi mbili za kuungaunga. Hamwezi kuwa safari moja kwenye bei, halafu mkawa viwanja vitatu visivyojuana kwenye lawama.

Nadai mnirudishie thamani ya pawabenki, ambayo ilikuwa ndani ya masharti yenu, na ya losheni, ambazo mhudumu wenu ndiye aliyeshauri zihamishiwe mkononi. Bei na risiti zimo kwenye viambatisho. Halua sidai fedha. Nadai maelezo ya maandishi kwa nini kaunta yenu ya Dar haina orodha ya vitu vinavyokataliwa kwenye kituo chenu wenyewe, mahali ambapo karibu kila abiria wenu wa kutoka Dar hupitia. Halua, achari, siagi ya karanga na mafuta ya nazi si vitu adimu kwenye mabegi yetu. Mnaviona kila siku.

Naomba pia siku mbili kabla ya safari mtume ujumbe unaofuata njia ya abiria mwenyewe, kiwanja kwa kiwanja, kwenda na kurudi, ukitaja dawa na maziwa ya watoto. Ujumbe huo kwa wanaotokea huku uwe kwa Kiswahili. Kiingereza na Kiarabu chenu ni kizuri, ila wazazi wanaokwenda kuona wajukuu hawakisomi, na wengi husafiri bila mtoto wa kuwasomea. Tena pale kituoni, kabla ya mashine, wekeni dawati ambapo abiria aliyekataziwa kitu halali anaweza kukikabidhi kikafungwa, kikawekwa lebo na kuingizwa kwenye mzigo wa chini. Mkiiona kazi hiyo ni kubwa, angalau ifanyeni kwa abiria aliyepotoshwa na mtumishi wenu.

Nasubiri jibu lililoandikwa na mtu, lenye jina na cheo chake, ndani ya siku 30 tangu mpokee barua hii. Nakala nimeipeleka kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga hapa Tanzania, na muda huo ukipita bila jibu nitaliomba lilifungue suala hili rasmi. Wifi yangu anakuja na watoto mwakani na bado hajakata tiketi.

Wenu,

Abiria
(jina, anwani na sahihi vimo kwenye fomu iliyoambatishwa)