Barua kwa mwanangu aliye Wooster

Mwanangu mpendwa,

Sisi hapa Tanga hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama yako anakusalimu, na bibi yako bado anauliza kama huko Ohio mnapata samaki.

Simu ya juzi ilikatika kabla sijakujibu, na haya si mambo ya kujibiana kwa vijimeseji. Ulisema mjomba wako wa Columbus amekutafutia kibarua cha ghalani wakati wa likizo ya kiangazi. Mshukuru, umwambie hapana. Viza yako ni ya masomo. Kazi za ndani ya chuo unaruhusiwa, saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea na kutwa nzima wakati wa likizo, lakini za nje zina masharti yake na ghala halimo. Mjomba wako ana makaratasi yake, nawe una yako.

Zile programu za utafiti wa kiangazi wanazoomba wenzako, zinazolipiwa na NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, nazo soma masharti yake kabla hujakesha ukijaza fomu. Fedha zile ni kwa raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu.

Kilichobaki, utafiti wa kiangazi hapo hapo chuoni kwako, ndicho ninachokitaka mimi, na hakihitaji hata nauli. Najua ulikuwa unaona haya kukitaja chuo chako cha Wooster mbele ya wenzako waliopata vyuo vyenye majina. Ni kidogo, sawa. Lakini hakina wanafunzi wa uzamivu, yaani wa PhD. Kwenye vyuo vikubwa, mtoto wa mwaka wa pili anayetaka kugusa mashine anawakuta mbele yake wa uzamili, wa uzamivu, na waliokwisha kupata PhD zao wakangojea ajira. Kwenu, profesa akitaka msaidizi hana wa kumchukua ila ninyi. Arthur Compton, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1927, alisoma hapo hapo.

Nimesoma pia kuhusu utafiti wa mwaka wa mwisho, ule ambao tangu miaka ya 1940 kila mwanafunzi wenu, awe wa kemia au wa muziki, hufanya wa kwake chini ya mwalimu wake. Eti siku ya kuukabidhi mnapewa pipi ya Tootsie Roll. Jasho lote lile, pipi! Mama yako alicheka mpaka akaacha kukuna nazi. Ila usingoje mwaka huo ufike ndipo uanze kujifunza kushika vifaa.

Kazi yangu ya maabara unaijua. Slaidi ya malaria: tone la damu, unalitandaza kwa kona ya slaidi nyingine, unaliacha likauke, rangi ya Giemsa, unasuuza, kisha darubini na tone la mafuta. Unahesabu vimelea huku unahesabu chembe nyeupe mpaka zifike 200. Anayeanza huhesabu na takataka za rangi, akamwandikia mtu malaria asiyokuwa nayo. Kitabu hakimtoi hapo. Anatolewa na mtu aliyekaa kiti cha pili, anayemwambia, "Hebu tazama tena." Huyo wa kiti cha pili ndiye unayekwenda kumtafuta, na hapo kwenu analipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Usishikilie malaria kwa sababu ya baba yako. Mwalimu akiwa anachunguza uyoga, au udongo, au nzi wa matunda, mfuate huko huko. Soma kwanza makala yake moja, hata kama nusu yake hukuielewa, umwendee na swali la ile nusu. Muulize kama kiangazi hiki anachukua wasaidizi, na kama chuo kinatoa posho na chumba. Mwanzoni utaosha chupa. Osha. Na daftari lako la maabara liandike kwa wino. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa lisomeke. Anayefuta simwamini, hata akiwa sahihi.

Lile wazo lako la kuja kuwahoji akina mama wa Pangani kwa utafiti wa mwaka wa nne nimelipenda, lakini lina safari ndefu. Chuo lazima kwanza kipitishe maswali utakayowauliza watu, kisha huku kuna kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Ukivuka kwenda Pemba, Zanzibar wana kibali chao. Anza kuulizia mapema.

Kesho nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni uwaulize kuhusu kazi ya kiangazi ndani ya chuo, wakupe jibu kwa maandishi. Halafu mwandikie mwalimu wako wa biolojia. Ukimaliza nitumie kwanza niisome, maana wewe ukiandika ukiwa na wasiwasi unaomba radhi kila mstari.

Baba yako