Gari lipo, kadi hakuna: maneno kwa mwenye Land Rover

Mhariri,

Wiki iliyopita kwenye ukurasa wako wa matangazo madogo kulikuwa na tangazo la mistari miwili: "Land Rover 109, inatembea, kadi imepotea, bei maelewano." Chini yake namba ya simu. Nililisoma barazani mara tatu, nikacheka peke yangu mpaka mjukuu akaja kuuliza kulikoni. Sikucheka kwa dharau. Mwaka jana nusura nikuletee tangazo kama hilo hilo, ila langu lingekuwa la Peugeot 404 pikapu, mali ya marehemu mume wangu, nayo imepotelewa na kadi, ile hati ya usajili wa gari. Nimempigia simu mwenye tangazo mara nne, haipokelewi. Kwa hiyo naomba nafasi nimfikishie ujumbe kupitia kwako.

Gari letu liko hapa Isevya, Tabora, chini ya mwembe, tangu mwaka 2009 marehemu alipoacha kuendesha kwa sababu ya macho. Alikuwa mfanyabiashara wa asali. Alilinunua mwaka 1984, likiwa limeshatumika, kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa anahama mji, na kwa miaka ishirini na mitano likawa linakwenda Sikonge, Ipole, mpaka Inyonga, na kurudi na madebe. Gia zake ziko kwenye usukani, mkikaa watatu mbele hakuna anayegongwa goti. Mpaka leo siku ya jua kali ukifungua mlango unapokewa na harufu ya nta. Mimi nililiona kama banda tu. Kuku walikuwa wanatagia chini ya kiti cha dereva na sikuwafukuza.

Ndipo akaja kijana mmoja wa Arusha, mgeni wa harusi ya jirani. Aliliona kupitia ua, akaomba kuingia, akalizunguka na suti yake mpaka magoti yakawa meupe kwa vumbi. Akaniambia kwamba Peugeot 404 ilishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki mara nne, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na kwamba 1966 na 1967 dereva alikuwa Bert Shankland wa Dar es Salaam na msoma ramani wake Chris Rothwell. Jina la Shankland sikuhitaji kufundishwa, baba yangu alilitaja nyumbani kama mtu anayetaja mchezaji wa timu yake. Ile ya Shankland haikuwa pikapu, kijana alikiri, lakini uso ni ule ule.

"Milioni sita, Mama, likiwa na kadi."

"Na lisipokuwa na kadi?"

"Milioni moja na nusu. Hapo nitakuwa nanunua vipuri."

Nilikasirika, nikadhani ananifanyia ujanja wa mjini. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa mkweli kuliko wote niliozungumza nao mwaka ule. Gari bila kadi hawezi kulihamishia jina lake, hawezi kulikatia bima, hawezi kuliingiza barabarani. Atalifungua taa, milango, usukani, avipeleke kwenye gari lingine. Zile milioni nne na nusu zilikuwa bei ya karatasi.

Na karatasi ilikuwa wapi? Katika kabati la mninga. Sisi watu wa Tabora tuna kiburi na mninga wetu, tunasema mchwa hawauli, na ni kweli, hawakuula. Lakini mgongo wa kabati ulikuwa plaiwudi. Walipanda ukutani, wakatoboa plaiwudi, wakaingia kwenye bahasha. Nilipoivuta nilikuta udongo mwekundu uliojengeka vizuri kabisa kwa umbo la bahasha, na ndani yake kibanio cha chuma. Kadi ya gari, risiti za mwaka 1984, kadi za kliniki za watoto, vyote vimekwenda.

Hapo ndipo dalali alipoingia. Simtaji, na yeye mwenyewe akisoma atajijua. Alikuja jioni, akaamkia vizuri, akakataa chai, akasema: "Mwalimu, usihangaike na maofisi. Kadi zipo. Kuna 404 ilikufa zamani huko Nzega, mwenyewe kadi anayo. Laki tatu tu, naibandika kwenye hili lako."

Nikamuuliza, "Na namba ya chasisi?"

Akacheka. "Hiyo kazi ya fundi, dakika ishirini."

Maana yake, Mhariri, ni kwamba wangekuja na msasa na nyundo, wakafuta namba aliyozaliwa nayo gari la mume wangu, wakagonga namba ya lile gari lililokufa Nzega. Kisha nimuuzie mtoto wa watu, siku moja huko Arusha mkaguzi apitishe kidole juu ya namba, aone chuma kimekwanguliwa, amuulize kijana gari hili kaiba wapi. Na mkataba una sahihi yangu. Gari ambalo halikuwa na kosa lolote isipokuwa kuliwa karatasi na mchwa lingegeuka la kughushi, tena kwa mkono wangu mimi niliyefundisha watoto wa watu miaka thelathini na moja. Nilimsindikiza dalali mpaka barabarani. Shemeji yangu alipopata habari alinishangaa: "Basi shemeji uza kwa kilo, watu wa vyuma chakavu wanapita kila Jumamosi." Huyo naye nilimpa chai tu.

Mwenye Land Rover, nakueleza sasa njia niliyopita. Polisi ni sehemu nyepesi. Unatoa taarifa ya upotevu, wanakupa hati. Kwa wakili unaapa kiapo kwamba kadi imepotea, hujaiweka rehani popote, hujamuuzia mtu. Mimi niliandikisha na mchwa wangu humo, wakili akataka kuwafuta, nikakataa, kwa sababu ndio ukweli wenyewe.

Kigingi kilikuwa jina. Kadi ilikuwa ya marehemu, na marehemu alifariki mwaka 2013. Mirathi hatukufungua, kwa sababu ile ile inayotajwa na familia nyingi: hatukuwa na ugomvi. Wakili akaniambia kwa upole, "Mama, aliyefariki hasaini, na wewe si yeye." Kumbe miaka yote nikijiita mwenye gari nilikuwa mlinzi tu. Ikabidi kikao cha familia na muhtasari wake, cheti cha kifo, kisha Mahakama ya Mwanzo, tangazo libandikwe, tusubiri atakayepinga, ndipo nipewe Fomu Namba 4 ya usimamizi wa mirathi. Na ukishauza kazi haijaisha, unarudi mahakamani na orodha ya mali na hesabu ya ulivyogawa, zile Fomu Namba 5 na 6. Wengi huishia kwenye Fomu Namba 4, wakaweka fedha mfukoni.

Kikao kilinipa hofu kuliko mahakama. Marehemu alikuwa na mtoto wa kwanza Kigoma, maeneo ya Ujiji, kwa mama mwingine. Ndugu walinishauri nisimwite, "ataleta mambo." Nilimpigia mwenyewe. Alikuja na treni, akashuka alfajiri na mfuko wa dagaa, akaenda moja kwa moja chini ya mwembe kabla hajaingia ndani. Akaniambia, "Mama mdogo, humu ndimo baba alinifundisha kuendesha, na kishikio cha gia nilikivunja mimi." Kweli, kile kishikio cha gia kilikuwa cha mbao, marehemu alikichonga, na sikuwahi kujua kwa nini. Alisaini muhtasari, akataja fungu lake wazi mbele ya wote, na ni haki yake. Hakuleta mambo yoyote. Kama ningemficha, angeweza kuja na pingamizi hata baada ya gari kufika Arusha, na angekuwa sahihi.

Sasa ushahidi. Kijana wangu wa kuosha magari alitaka kunifurahisha, akachukua wembe kubandua stika kuukuu kwenye kioo cha mbele. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Zile stika za bima na za leseni ya barabara, ile ada ya kila mwaka iliyofutwa mwaka 2017, zilikuwa zinaonyesha namba ya gari na miaka yake. Chini ya dashibodi, ndani ya kitambaa cha kufutia mafuta, nikakuta kava noti ya bima ya mwaka 2007 yenye jina kamili la marehemu, namba ya gari, na namba ya chasisi. Nililia kidogo, nakiri. Mwandiko wake ulikuwa pembeni: "badili mafuta Aprili."

Kwa hiyo usisafishe gari kabla hujalipekua. Chini ya viti, nyuma ya vizuia jua, ndani ya mfuko wa jeki. Kila karatasi yenye jina na namba ni shahidi.

Lakini karatasi nayo hukosea. Fundi alisugua kibati chini ya boneti kwa petroli na mswaki, akaweka karatasi juu yake na kupitisha penseli ubapa ubapa mpaka tarakimu zikatokea. Kava noti ilikuwa na 3 mahali ambapo chuma kilikuwa na 8. Tarakimu moja! Kama ningeandika kiapo kwa kunakili kava noti, ningekuwa nimeapia gari ambalo halipo duniani. Tuliandika upya kwa kufuata chuma, na karatasi ya penseli nikaiambatisha. Na wewe wa Land Rover angalia na injini. Land Rover nyingi za umri huo zimeshapandikizwa injini ya gari lingine njiani, na namba ya injini isipooana na kumbukumbu, useme mapema kabla mkaguzi hajakuuliza.

Kuna jambo jingine la magari ya umri huu. Mamlaka ya Mapato, inayotunza kumbukumbu za usajili wa magari, ilianza kazi Julai 1996, na gari langu lilikuwa limeshakula maelfu ya maili ya vumbi kabla ya hapo. Namba zake ni zile za zamani, kabla ya hizi za T, tarakimu tatu na herufi tatu. Kumbukumbu za namna hiyo hazitoki kwa kubonyeza kitufe, mtu lazima anyanyuke akatafute faili. Silalamiki. Ninachoomba wahusika wafanye ni kidogo: orodha ya vinavyotakiwa kwa kadi iliyopotea, na kwa gari la marehemu, ibandikwe ukutani kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, na ada yake pembeni. Kinachompa dalali soko ni kwamba mtu anaambiwa kitu kimoja kila safari, anarudi, anaambiwa kingine. Mama wa Urambo au Kaliua akiongeza nauli za safari tano, laki tatu za dalali zinaanza kuonekana rahisi.

Na kwako, Mhariri, ombi langu linaweza lisikupendeze, kwa kuwa matangazo ni ugali wa gazeti. Mtu akileta tangazo la gari lisilo na kadi, mwombe akuonyeshe hati ya polisi ya upotevu kabla hujalichapa. Mwenye gari la halali haitamchukua siku nyingi kuipata. Mwizi hatarudi.

Kijana wa Arusha tuliandikiana mkataba kwa wakili. Ametoa laki tano tu, na imeandikwa kwamba kadi isipotoka kwa tarehe tuliyopanga ninamrudishia zote na gari linabaki kwangu. Wapo walioniambia nichukue milioni zote nimwachie mkataba, mengine atajijua. Jina litakalobaki kwenye kumbukumbu ni la mume wangu, na akigonga mtu huko Moshi watakuja kugonga mlango Isevya.

Fomu Namba 4 ninayo. Hati ya polisi, kiapo, karatasi ya penseli na ripoti ya mkaguzi wa magari viko kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya sanduku la bati, na sanduku liko juu ya matofali, mbali na ukuta. Nimeambiwa nirudi Jumanne. Embe zimeanza kukomaa, nimelifunika gari turubai, na stika za kioo cha mbele bado ziko pale pale.

Mwenye Land Rover, kama gazeti hili limekufikia, pokea simu. Namba inayoishia na sitini na mbili ni yangu.

Mwalimu mstaafu,
Isevya, Tabora.
(Jina kamili nimempa mhariri.)